Mtaa Usio na Mtandao

Dereva wa teksi alichomoa laini kwenye simu akaitia mfukoni, maana laini isiyo na bando ni pambo tu. Ramani alikuwa ameipakua zamani, kwa hiyo ilimwongoza bila mtandao, na wala haikuwa na habari kwamba mtaa wa mama yake ulishabomolewa ukamwagiwa lami ya kuegeshea magari. Ilimwambia akate kushoto. Akakata. Mtaa ulikuwepo.

Mama yake alikuwa barazani anachambua mchele. Akamwambia amekonda.

Tingatinga ndilo lililomuua mama huyo, usingizini. Manispaa ikasema nyumba ilikuwa tupu. Tangu hapo mwanawe aliomba jambo moja tu: aruhusiwe kuvunja lami, amtoe mama yake, amzike kama watu wanavyozikwa. Afisa wa ardhi alimjibu kila mara kwamba chini ya lami hamna mtu.

Basi kesho yake akampakia afisa bure. Akamwomba azime simu yake, mtandao usije ukaifunza ramani mambo mapya. Afisa alishuka, tumbo mbele mwenyewe nyuma, akavua viatu, akapewa kiti na chai.

"Mama, siku ile walipiga hodi?" dereva aliuliza, afisa asikie.

"Hodi ya nani? Mimi nilisikia paa tu likija."

Akaeleza pia kwamba vumbi halimtoki kooni, na magari yanamlalia kifuani. Afisa alitikisa kichwa kwa huruma, akanywa chai yote, hata sukari ya chini akaikomba kwa kijiko.

"Sasa kijana, unataka kumzika nani? Mama yako huyu hapa, ananiongezea chai."

"Amekufa, mheshimiwa."

"Nimemwona kwa macho yangu. Na nyumba imesimama. Nani kabomoa?"

Mama akamwambia mwanawe aache kubishana na mtu aliyeshiba.

Dereva akamrudisha afisa ofisini. Njiani afisa aliwasha simu, akampigia mkubwa wake kwamba lile suala la bibi limekwisha, mhusika yupo na hali yake nzuri. Akashuka, akapangusa vumbi la mtaa ule kwenye viatu vyake.

Dereva akageuza gari, akafuata ramani kurudi kwa mama yake. Vikombe vilikuwa havijaoshwa, na mtu mwenye ukuta juu ya mgongo hainami kirahisi.