Ng'ombe Walioshuka Bila Maua

Mataji kumi na moja ya maua ya kuwavalisha ng'ombe yalikuwa tayari, yamepangwa kwenye benchi nje ya kibanda cha malishoni, juu mlimani. Burgi alikuwa ameyasuka wiki tatu nzima, mpaka vidole vikamchubuka.

"Yaache," mumewe Vinzenz alisema.

"Unasemaje wewe? Kuna ng'ombe aliyekufa? Kuna mtu aliyekufa nyumbani?"

"Hakuna."

"Basi tunawavalisha! Ng'ombe hushuka mlimani kichwa kitupu kukiwa na msiba tu. Unataka kutuletea mkosi?"

Vinzenz hakuwa na nguvu za kubishana. Pumba zilipanda bei, mbolea ikafuata, dizeli na umeme navyo vikakataa kubaki nyuma. Maziwa peke yake ndiyo yaliyokaa palepale. Mwezi Julai aliwauza ng'ombe wote, na sasa lori lilikuwa likiwasubiri zizini, huko bondeni. Alidhani siku hii ingemuuma. Haikumuuma. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na hilo ndilo lililomtisha kidogo.

"Kuwapamba ni kudanganya watu kwamba mambo ni mazuri," alisema.

Burgi aliyapakia mataji kwenye mkokoteni.

Kijijini watu walikuwa wamejipanga barabarani kuwalaki ng'ombe, bia mkononi, kodiani inalia. Walipoona vichwa vitupu, muziki ulikatika. Mzee Kassian, jirani yao, akavua kofia.

"Poleni jamani. Nani katutoka?"

"Hakuna, mzee. Wote wazima."

"Wazima?" Kofia ikarudi kichwani kwa hasira. "Una wazimu wewe! Mimi nimeshaanza kumlilia mama yako! Msiba unachezewa hivi?"

Vinzenz aliendelea kuswaga. Kassian aliwafuata akifoka njia nzima mpaka kwenye kona ya zizi, na hapo akaliona lori, mlango wa nyuma umeshushwa. Alimtazama ng'ombe wa kwanza akipanda, kisha wa pili. Kofia ikavuliwa tena.

"Pole, mwanangu," alisema, akampa mkono.

"Asante, mzee. Nimeshapoa," Vinzenz akajibu, akaenda kumfuata wa tatu.

Wa mwisho alipokwisha kupanda, Burgi alianza kuyashusha mataji mkokotenini, akiyaegemeza moja moja kwenye ukuta wa zizi tupu. Vinzenz akamsaidia. Bado hakuhisi kitu.