Mtaalamu wa Lugha Mbili

Kwa miaka ishirini na saba nimekuwa nikialikwa kwenye kumbi za makanisa na mikutano ya akina mama kuzunguka ziwa la Bala, huku kwetu Wales, nikawaeleze watu jinsi Kijapani na Kiwelisi vinavyofanana na vinavyoachana. Nina madaftari saba. Nina pia mzaha mmoja, ambao watu waliuomba hata kama walikwisha kuusikia: Kijapani huweka kitenzi mwishoni, Kiwelisi hukiweka mwanzoni, kwa hiyo Mjapani lazima umsikilize mpaka amalize, lakini Mwelisi ukishasikia neno lake la kwanza unaweza kuvaa kofia ukaenda zako. Walikuwa wanacheka kweli. Mke wangu Chizuru, Mjapani mwenyewe, alikaa nyuma na sahani ya keki mapajani, akitabasamu.

Nisichowaambia ni kwamba nyumbani tulisema Kiingereza.

Tulikutana Liverpool, mimi mtoto wa shamba niliyekwenda kusomea ualimu, yeye muuguzi. Tulianza na Kiingereza kwa kuwa ndicho tulichokuwa nacho wote wawili. Nilipomleta huku alijifunza Kiwelisi kwa jirani yetu Mererid, na haikutimia miaka mitatu alikuwa akigombana na muuza nyama bila kukwama popote. Jioni moja, mezani, akaniomba chumvi kwa Kiwelisi. Nikampa, nikamjibu kwa Kiingereza. Alijaribu hivyo mwaka mzima. Sisi watu wa huku tukishaanza lugha moja na mtu, kuibadilisha tunaona haya kama kuvua nguo sokoni. Wengine hujikaza. Mimi sikujikaza, na sina wa kumlaumu. Kijapani chake pia sikukitaka mdomoni, nilikitaka daftarini.

Februari hii daktari akatuambia Chizuru amebakiwa na wiki, si miezi. Tukamshushia kitanda sebuleni. Akili zake zilikuwa timamu bado. Akaniita.

"Idwal, nina ombi moja."

"Sema."

"Niongeleshe Kiwelisi kabla sijaenda. Hata siku moja tu, mimi na wewe."

"Kwani Kiingereza kimekukosea nini?"

"Kwa Kiingereza mimi ni mtu mpole," akasema. "Miaka arobaini umeishi na mtu mpole. Hebu muulize Mererid kama anamjua huyo mtu."

Nikaahidi. Kila asubuhi nikawa nafanya mazoezi zizini na mbwa wangu Mot, ambaye tangu azaliwe hajasikia neno la Kiingereza kutoka kwangu. Kwa Mot maneno yalitiririka. Nikifika mlango wa sebule, yanakauka yote.

Siku moja nilikuwa nje ya mlango huo nikamsikia Chizuru akiongea na Mererid, kwa Kiwelisi, habari za mchungaji wetu.

"Eti tuombe kwa ufupi! Shoga yangu, mara ya mwisho aliposema ufupi, nyama yangu ya Jumapili iliungua ikawa soli ya kiatu."

"Wee, niache! Utanipasua, mwenzio nina ngiri!"

Wakaangua kicheko, na cha mke wangu ndicho kilichokuwa kikubwa zaidi. Kicheko kile sikuwa nakijua. Nikaingia haraka, nilitaka nami nicheke nao. Waliponiona tu, wakahamia Kiingereza, wote wawili, kwa adabu, kama tunavyofanya sote akiingia mgeni asiyejua lugha. Mererid, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, akaniuliza kwa Kiingereza kama mvua imekatika.

"Imekatika," nikajibu, kwa Kiingereza.

Nikarudi zizini nikalia. Nilijichukia siku hiyo, na bado.

Wiki ya mwisho Kiingereza kilimtoka. Kiwelisi nacho kikamtoka, kikabaki Kijapani tu, kwa sauti ya chini sana. Asubuhi niliyogundua hivyo ndiyo asubuhi niliyoweza. Nilikaa kwenye kiti cha dirishani nikasema, kwa Kiwelisi, bila kukwama:

"Chizuru wangu, nipo hapa. Niambie chochote unachotaka."

Akanitazama. Akainamisha kichwa kidogo kwenye mto, kwa heshima, kisha akaanza kusema kitu. Nikasikia neno chai. Mtaalamu mzima nikainuka hata kabla hajafika mwisho, mbio jikoni.

Hakuigusa. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akasema tena yale yale. Nikaleta nyingine bila maziwa. Nikaleta ile ya kijani, kutoka mkebe aliotumiwa na dada yake. Kila nikileta anarudia, na kila akirudia anazidi kuhangaika. Siku mbili, vikombe kumi na kimoja.

Alasiri ya siku ya pili dada yake, Kazue, akapiga simu kutoka Japani. Nikamwekea Chizuru simu sikioni. Wakasemezana kidogo. Kisha Kazue akaniita kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

"Shemeji, hapo mpo na nani?"

"Hakuna mtu. Mimi tu."

Akaanza kusema kitu, nikamkatiza.

"Nimemletea chai, Kazue. Anaiomba, nikileta haitaki. Nimeshindwa, sijui nifanye nini."

"Haombi ya kunywa yeye, shemeji. Hukumngoja amalize?" Sauti yake ilianza kukatika. "Anasema yupo mzee mmoja, ameketi dirishani tangu jana. Hamjui. Anasema ni mtu mpole sana. Anaona aibu, shemeji. Mgeni amekaa nyumbani kwake siku mbili na hakuna aliyempa chai."

Nilikata simu bila kumuaga. Kikombe cha mwisho kilikuwa mezani, kimepoa. Nikasogeza kiti karibu ili anione vizuri. Nikashika kikombe kwa mikono miwili, kama nilivyoandika daftarini kwamba Wajapani hufanya, nikanywa chai yote mpaka chini, naye ananitazama. Chizuru akashusha pumzi. Uso ukalegea, akafumba macho, wala hakurudia tena.

Alifariki kesho yake adhuhuri, na mimi nimeketi kwenye kiti kile kile.