Ufunguo Wangu wa Sanduku

Deni ni langu. Naanza hapo kwa sababu watu wa hapa Kosele wamesema mengi, na sitaki mtu adhani nimekuja kulikana. Kadi ya mkopo nilipewa na benki nikiwa na kazi Migori. Nilinunulia friji, nikamlipia mama yangu hospitali, na kila mwezi nilikuwa nalipa bila kusukumwa. Kisha wafadhili wa shirika letu la maji wakakata pesa. Tukaitwa ukumbini watu thelathini na wanne, tukapewa barua na soda. Soda! Nilikunywa nusu, nyingine nikaiacha pale mezani.

Nikarudi Kosele nilikoolewa, ninakolea watoto wangu wawili tangu baba yao afariki. Nikaanza kuuza viazi vitamu. Benki iliponipigia niliwaambia ukweli: nina elfu mbili kwa mwezi, zaidi ya hapo sina. Hawakutaka kusikia. Wakalipeleka deni langu kwa kampuni ya kukusanya madeni, na hao hawakuwa na lugha nyingine ila "lipa yote kufikia Ijumaa". Kila Ijumaa ilikuwa ya mwisho.

Sasa nieleze habari ya sanduku. Kikundi chetu kina wanawake ishirini na wawili. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tunakutana kwa Roselyn, mwenyekiti wetu, kila mtu anatoa mchango wake, unaandikwa kwenye daftari, unaingia sandukuni. Sanduku ni la bati na lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanawake watatu wa makanisa tofauti, ili wasije wakapanga njama wakitoka ibadani. Roselyn ni Mkatoliki, Robi ni wa Pentekoste, mimi ni Msabato. Pesa yote tunaihesabu mara moja tu kwa mwaka, Desemba, siku ya kugawana. Siku nyingine hakuna anayehesabu. Mnafungua, mnaweka, mnafunga.

Ufunguo wangu niliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu kwa miaka minane, hata nilipokuwa Migori, maana kila wikendi nilikuwa narudi Kosele. Mimi ni Mkisii niliyeolewa kwa Wajaluo, mtu wa kuja, na hapa sokoni wananiita nyar Kisii, binti wa Kisii, mpaka leo. Lakini walinipa ufunguo. Mtu akitaka kujua kama mimi ni wa hapa, nilikuwa nagusa shingo tu, sina haja ya kusema. Ndiyo maana nilipojaza fomu ya ile kadi, mahali wanapotaka majina ya watu wawili wanaokujua vizuri, niliandika Roselyn na Robi. Niliandika kwa majivuno, nisiseme uongo.

Jua likizama Ijumaa mimi huzima simu, na siiwashi mpaka lizame Jumamosi. Jumamosi hiyo nilipoiwasha nilikuta Roselyn amenitafuta mara kumi na moja. Nikampigia.

"Nyar Kisii, kesho kuja na ufunguo yako," akasema. "Kuja mapema."

Nilipofika Jumapili, wote ishirini na mmoja walikuwa wameketi. Hakuna aliyenisogezea kiti. Roselyn akasimama, mikono ameifunga ndani ya leso.

"Jana kuna kijana alinipigia," akasema. "Ana adabu sana. Akaniambia, kwa heshima na taadhima, mama, huyo mwenye mnapatia ufunguo ya sanduku ako na deni ya laki mbili na amekataa kulipa. Akasema heri mhesabu pesa yenu mapema. Robi pia alipigiwa."

"Deni ninalo," nikasema. "Pesa yenu sijagusa. Na mnajua sanduku halifunguki kwa ufunguo mmoja!"

"Basi wacha tuhesabu," akasema Eucabeth. Huyu Eucabeth ni Msabato mwenzangu, kila Sabato anaketi nyuma yangu na kuniazima kitabu cha nyimbo.

Tukafungua kufuli zote tatu. Eucabeth akahesabu nikiwa nimesimama. Akamaliza, akaangalia daftari, akahesabu tena. Pesa ilikuwa kamili, noti kwa noti, mpaka zile sarafu za faini ya kuchelewa. Nilidhani yameisha. Nilikuwa hata nimeanza kuvuta kiti.

"Si ati tunasema umeiba," Roselyn akasema, macho ameyatupa nje kwa kuku. "Lakini mtu akiwa na shida, shetani huwa karibu. Wacha Eucabeth ashike hiyo ufunguo kwanza."

Nikaivua kamba. Wanawake ambao nimezika waume zao pamoja nao, nimewapikia kwenye matanga, walikuwa wanaangalia vidole vyao vya miguu. Nilitoka pale na hasira, na nilichukia kwamba hasira yenyewe ilikuwa inatoka kama machozi.

Nilikuwa namenya viazi vya jioni niliposimama ghafla na kisu mkononi. Fomu ya benki ina jina la Roselyn na namba yake. Haina sanduku. Benki haijui kama tuna sanduku, sembuse nani anashika ufunguo. Na kwa nini Jumamosi, siku ambayo siwezi kupokea simu wala kujitetea? Na hiyo "heshima na taadhima", niliisikia wapi?

Niliisikia Migori, miaka mitatu mfululizo, kila saa saba mchana. "Kwa heshima na taadhima, mathe, leo umepika nini?" Byron. Meza yake ilikuwa kando ya yangu, na aliniita mathe, yaani mama, kama vijana wa siku hizi. Mshahara wake ulikuwa unaisha tarehe kumi, na baada ya hapo alikuwa anakula kwenye chumba changu cha kupanga. Ni mimi niliyemweleza habari ya sanduku, akicheka na kuuliza maswali. Ni mimi niliyemweleza kwa nini simu yangu huzimwa Ijumaa jioni. Nilimweleza kama unavyomweleza mtu wa nyumbani.

Nikampigia dereva wetu wa zamani. Akaniambia Byron alipata kazi Homa Bay, ofisi ya madeni, juu ya duka la vitanda. Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa hiyo ofisi na viatu vyangu vya kanisani.

Walikuwa vijana kama wanane, kila mmoja na vipokea sauti vyake masikioni. Byron aliniona, akavivua polepole.

"Mathe," akasema. "Mathe, si ungeniambia unakuja."

"Kama wewe ulivyoniambia unampigia Roselyn?"

Akashusha sauti. "Ni kazi tu, mathe. Hapa usipofikisha target hulipwi. Nilipoona jina lako kwa list, nikasema heri mimi kuliko mtu mwingine."

Hapo ndipo nilipoacha kujizuia. "Heri wewe? Mtu mwingine angenitukana tu, akakata simu! Mtu mwingine hakula ugali wangu miaka mitatu akichunguza mahali pa kunichoma! Deni ni la benki, Byron. Ufunguo ulikuwa wangu."

Msimamizi wao, kijana wa tai nyekundu, akaja mbio kuniambia hii ni ofisi. Nikamwambia vizuri, kama ni ofisi basi atajua kwamba kumtangazia jirani yangu deni langu ni kosa kisheria, na kwamba namba iliyopiga na saa iliyopiga zimo kwenye simu ya Roselyn, na polisi si mbali. Akarudi kuketi.

"Piga," nikamwambia Byron. "Weka sauti kubwa."

Akapiga. Roselyn akaitika, nikasikia kuku wake.

"Hallo, mama. Kwa heshima na—"

"Heshima wacha," nikasema. "Taja jina lako."

"Naitwa Byron, mama. Nilifanya kazi na Nyasuguta huko Migori. Mambo ya sanduku aliniambia mwenyewe, nikikula kwake. Hajawahi kugusa pesa ya mtu. Nilisema vile ndio muogope, mumsukume alipe."

Ofisi nzima ilikuwa imeacha kupiga simu.

"Ulikuwa unakula kwake?" Roselyn akauliza.

"Ndio, mama."

"Chakula gani?"

"Ugali na omena. Siku zingine maharagwe."

"Na ukashiba?"

Byron akainamia meza, na mimi, Mungu anisamehe, sikumhurumia hata kidogo.

"Nyar Kisii, najua uko hapo," Roselyn akasema. "Pitia kwangu leo uchukue ufunguo yako. Yaishe."

"Hayaishi hivyo, mama," nikamjibu. "Mtu msiyemjua hata jina alipiga simu moja, mkamwamini. Mimi mmenijua miaka minane. Mliuchukua mbele ya watu, baada ya kuhesabu. Mtanirudishia mbele ya watu, baada ya kuhesabu. Na Eucabeth ndiye atahesabu."

Wiki hiyo benki yenyewe, nadhani baada ya kusikia habari ya polisi, ilikubali elfu mbili kwa mwezi, ile ile niliyowaomba mwanzoni. Sikuwashukuru.

Jumapili nilisimama palepale nilipokuwa nimesimamishwa. Roselyn alieleza yote, akaomba msamaha, wengine wakalia. Eucabeth akahesabu, nikamwambia hesabu tena kama siku ile, akahesabu tena. Kamili. Akanivisha kamba shingoni kwa mkono wake, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi.

Kisha Robi akainua mkono. Akasema hili jambo la kuhesabu limekuwa zuri sana, limeleta amani. Mbona tusiwe tunahesabu kila Jumapili, badala ya kungoja Desemba? Roselyn akasema ni kweli, maana siku hizi mambo ni mengi. Akaomba wanaokubali wainue mikono.

Mikono ishirini na mmoja ikapanda. Ikabaki inaningoja. Nikashika ufunguo wangu kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia nikauinua, maana ningeuacha chini wangehesabu tena siku hiyo hiyo.