Barua Zilizokwisha Kusomwa

Bhavin, mwalimu wao wa kompyuta, mwenyewe ndiye aliyewafundisha: barua pepe ambayo hujaifungua huonekana kwa maandishi mazito, ukishaisoma yanakuwa mepesi. Kwa hiyo Evarista alijua. Wiki ya tatu sasa anakuta barua za kaka yake Wilbert zimeshasomwa. Na ya wiki hii, ya kumweleza jinsi mama yao anavyoendelea hospitalini, haikuwepo kabisa.

Alimtupia mwalimu jicho la pembeni. Toka mwanzo hakumwelewa. Mtu ana duka la intaneti Kariakoo, kila dakika ina bei yake, halafu Jumamosi awafundishe bure wasichana wa kazi waliotoka bara? Siwema wa Tabora, aliyekaa kiti cha pili, ndiye aliyekuwa akimtetea siku zote.

"Mwalimu, barua zangu unazisoma wewe."

Wasichana wakaacha kubonyeza.

"Mimi?" Bhavin akacheka. "Dada, za kwangu tu zimenishinda. Neno lako la siri umeweka lipi?"

"Lilelile ulilotuandikia ubaoni."

Kicheko kikamkatika. "Lile lilikuwa mfano. Nani mwingine ameweka lile?"

Mikono yote tisa ikanyooka. Shuleni kwao kilichoandikwa ubaoni kilinakiliwa kama kilivyo.

Evarista akawapitia mmoja mmoja kwa macho. Siwema peke yake hakuinua uso.

"Mimi hakuna anayeniandikia," Siwema alisema. "Nilipenda tu kusoma habari za kwenu. Yule ndama, migomba, mama yako na utani wake."

"Na ya wiki hii iko wapi?"

Bhavin akainama, akafungua mahali zinapokaa barua zilizofutwa. Ya Wilbert ilikuwa hapo, peke yake. Kabla hajaibonyeza, Siwema alivua mtandio wake akafunikia kioo cha kompyuta.

"Usiisomee hapa," alisema. "Nimeifuta asubuhi. Nimeshaongea na bosi wako, na Mama Celina wa kwenu, yule wa duka la vitenge. Wanakuja kukaa na wewe saa nane. Wao ndio wakuambie."

Kwao habari ya namna hiyo mtu haipati akiwa peke yake. Evarista alilijua hilo, na kwa kulijua hakuhitaji kuuliza zaidi.

"Wanamzika mama lini?"

"Jumatatu."

Evarista aliuacha mtandio palepale.

"Nitafutie basi la kesho alfajiri," alimwambia Siwema. "Na hiyo barua usiifute tena. Nitaisoma nikirudi."