Mguu wa Mwalimu

...na kibao cha kusimamisha magari bado chekundu, huyu bwana wa kibao naye kajiegemeza kwenye pipa la lami kama vile barabara ni ya baba yake, mkono mmoja umeshika kibao, mwingine simu, na nyuma magari yameshajipanga mpaka kwenye kona, na kila dereva anayesogea lazima kwanza atazame ile herufi L juu ya paa, kisha amtazame yeye, mwanamke mtu mzima na mvi zake mbili tatu, acheke, haya, chekeni, gari ni la shule ya udereva ya mumewe, jingine hawana, na leseni aliipata ninyi hamjaota meno... lakini leo hana ugomvi na mtu, leo anakwenda baharini na mume wake, wao wawili tu, na safari imekwenda vizuri kuliko alivyothubutu kuomba. Wifi yake ndiye aliyewasukuma, "Nendeni mkapumzike jamani, mkatazamane usoni, hiyo nyumba imewachosha," maana wifi alikuwa ameona, nani asiyeona, mwaka mzima mtu na mkewe wanapishana koridoni kama wapangaji, wanaulizana habari za gesi na habari za maji, basi, mpaka yeye akajiapia kimoyomoyo kwamba wakirudi kutoka baharini vile vile walivyokwenda, ndoa hii imekwisha, asijidanganye tena. Ndiyo maana tangu asubuhi anaokota dalili njema, hata zile ndogo ndogo, kwamba Mwalimu, ndivyo anavyomwita mumewe mpaka leo, amesema asante kwa chai, kwamba ameuliza kama jua linamchoma mkono, kwamba walipolipita lile lori la mchanga amesema "uko vizuri", yeye, mtu ambaye kusifu kwake ni sawa na kung'olewa jino, na zaidi ya yote mguu, jamani, ule mguu! Gari la kufundishia lina breki mbili, ya dereva na ya mwalimu, na tangu waoane hajawahi kuendesha na mumewe pembeni bila ya huyo bwana kukanyaga breki yake, kila tuta, kila kona, kila mtoto aliyesimama mbali kule kando ya njia na wala hana habari ya kuvuka, twap, shingo mbele, "Mwalimu, nimeona!", "Umeona umechelewa," wamegombana kwa huo mguu mpaka siku ya harusi ya shemeji yake alisimamisha gari akashuka, akaenda kwa miguu na viatu vyake virefu, na Mwalimu akawa anamfuata polepole, kioo chini, anambembeleza, "Panda basi, Koni wangu, watu wanatutazama," wakaishia kucheka mpaka wakalia, wote wawili, yeye kashika mlango wa gari asianguke... na leo hajakanyaga hata mara moja, si kwenye mteremko, si hata lile basi lilipowajia upande wao mpaka yeye mwenyewe kijasho kikamtoka, mguu umetulia tuli, na moyo wake ukaimba njia nzima, ameniamini, hatimaye mtu huyu ameniamini.

"Umechoka?" anamuuliza, na Mwalimu anasema, "Hapana. Wewe endelea tu, uko vizuri," endelea wapi na njia imefungwa, anataka kumtania hivyo hivyo, anageuka akiwa na kicheko tayari mdomoni, na ndipo anapouona huo mguu. Kiti kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, miguu imekunjwa, mmoja juu ya mwingine, mbali kabisa na breki, mikono imelala mapajani, na yeye amewahi kuona hivi, wapi, amewahi kukaa hapa hapa, mkao huu huu pembeni yake... ah, alikuwa msichana, anashona mapazia dukani kwa shangazi, na ilikuwa siku yake ya mwisho ya mafunzo, maana Mwalimu ana mtindo wake, siku ya mwisho husukuma kiti nyuma, hukunja miguu, hakosoi, haguni, husema uko vizuri, uko vizuri, basi, na baadaye, walipokwisha kuoana, alimweleza sababu, "Mwanafunzi lazima azoee kukaa bila mimi kabla sijashuka." Kile kimya kilimtia baridi, akiwa msichana, akaona huyu mtu ndio anaondoka hivyo, na kesho yake mbele ya mtahini alirudi kinyumenyume akaigonga koni, ile ya plastiki ya kuwekea mipaka ya njia, mchana kweupe, kusudi, ili afeli arudishwe kwa Mwalimu, na Mwalimu alijua, alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku ile akamwita Koni. Leo amemwita kwa jina lake, lile la kwenye cheti cha ndoa, asubuhi pale kituo cha mafuta, alipofungua boneti akamwonyesha kijiti cha oili, "ikishuka hapa, ongeza, na usimpelekee fundi wa pale njia panda, atakuibia," na yeye akafurahi, mjinga weee, akafurahi kwamba wanazungumza, kama alivyofurahi juma lililopita alipoonyeshwa jinsi ya kuwasha pampu ya maji na funguo za mita zinakaa wapi, akadhani mume wake anarudi, kumbe anamzoesha. Hapo mbele koni zimejipanga kando ya lami mpya hadi macho yanapokomea, azigonge zote, moja moja, nani atakayemrudisha?

"Mwalimu."

"Naam."

"Umepata pa kukaa?"

Na hamuulizi ana maana gani, hiyo ndiyo inayomuua, angekunja uso, angesema unaota nini wewe, lakini anamtazama bwana wa kibao kule mbele na kusema, "Chumba tu. Jirani na uwanja wa mazoezi," sauti ya chini, ya adabu, "nilitaka tufike kwanza, upumzike kidogo, nikuambie siku ya kurudi," kumbe bahari yote ile ilikuwa ya kumfuta machozi mapema, na yeye amenunua gauni jipya, ameshona na kofia yake, Mungu wangu, kofia... "Kuna mtu?" anauliza, na Mwalimu anatikisa kichwa, "Hakuna mtu. Nakuapia, hakuna," na anamwamini, huyu hajui kusema uongo, na laiti angekuwepo, mtu unaweza kumchukia, kumtukana, kumfuata mpaka mlangoni kwake ukamuuliza amekuzidi nini, lakini chumba kitupu unakiuliza nini, kitanda kimoja na taa, na mume wake amevipima na yeye, akaona afadhali hivyo. Inauma, wala asijifanye haiumi, inauma kifuani kabisa, upande mmoja, na mikono yake bado iko kwenye usukani, sawasawa kama alivyofundishwa. Upepo wa chumvi unaingia dirishani, kumbe wamekaribia. Nyuma mtu anapiga honi, kisha mwingine, wanampigia nani, na kule mbele bwana wa kibao anatia simu mfukoni, anajinyoosha mgongo, anachungulia upande wa pili, na yeye aliyekuwa anamlaani sasa hivi anamwomba bila kufungua mdomo, usikigeuze kibao, kaka yangu, simu bado inakuita, egemea tena hapo, tuache hivi hivi na wekundu wako, maana hapa, kwenye foleni hii, sisi bado ni mtu na mkewe wanakwenda baharini.