Moyo Gi Ja

Nitaueleza ujinga huu polepole, asije mtu kuniambia kesho kwamba sikusema. Kwa Kiswahili, moyo ni huu unaonidunda kifuani nikikasirika. Kwa Kiarabu cha Juba, moyo ni maji. Na ukivuka mpaka kwa njia ya Kajo-Keji ukaingia Uganda, Moyo ni mji. Hapa soko la Custom, Juba, tunaishi na yote matatu. Asubuhi wauza maji wanapita wakiita moyo, moyo. Kutwa nzima makondakta wanaita Moyo, Moyo, wanajaza gari. Mimi Namutebi nina miaka kumi na moja nikikaanga chapati juu kidogo ya stendi, na neno hilo masikio yangu yaliacha kulisikia zamani.

Halafu likaja shirika na mpango wa maafa. Walituita hotelini, kwenye chumba chenye baridi ya mashine, mimi nikiwakilisha wanawake wa vyakula. Mpango ulikuwa na kurasa themanini na nne, Kiingereza kitupu. Khor yetu, ule mkondo mkavu unaopita nyuma ya stendi, ilichorwa kwa rangi nyekundu, na hapo sikuwa na ubishi nao. Mvua ikinyesha kule vilimani, khor inajaa kwa dakika chache, hata kama Custom jua linawaka. Sote tunalijua hilo, na bado magari ya Moyo yanaegeshwa humo humo kwenye mchanga, kwa sababu kwingine kote kumejaa vibanda.

Msimamizi alikuwa Norman, Mganda mwenzangu aliyesomea Nairobi, viatu vyake havijawahi kukanyaga tope la Custom. Alitoa kipaza sauti cha betri, akabonyeza. Ikatoka sauti nene ya Lodu, dereva wa bodaboda tunayemfahamu, ambaye ndiye angezunguka nacho siku ya hatari: "Moyo gi ja! Moyo gi ja!" Maji yanakuja. Basi, hakuna zaidi. Norman alisema ujumbe wa tahadhari lazima uwe mfupi, watu waushike upesi.

Nikanyoosha mkono. "Bwana Norman, kule Custom watu watafikiri hii ni kondakta anaita gari."

Chumba kizima kikacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

"Wewe sema khor," nikamwambia. "Sema khor gi ja. Hakuna gari inaenda Khor."

"Hiyo pointi yako iko poa, mama, na tumeiandika," Norman akajibu. "Lakini ujumbe umesharekodiwa, na wakubwa wameshaupitisha."

Aliandika kweli, niliiona kalamu ikitembea. Kisha wakaleta kuku, nikala. Nasema wazi: nilikula kuku wao, nikavaa fulana yao, nikatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Hasira hii ninayowamwagia wengine inaanzia kwangu mwenyewe.

Mwezi wa nane alikuwapo kwangu wifi yangu Josline, mke wa kaka yangu Lubega. Alikuja Juba kumuuguza mumewe, Lubega akapona, na sasa alitaka kurudi Moyo kwa watoto wake wawili aliowaacha kwa bibi yao. Barabara ilikuwa imekatika kwa matope. Siku nne alikaa kibandani kwangu na begi mapajani, akiruka kila gari likipiga honi. Kiarabu alikuwa ameokota maneno machache kwa wateja, na alijivunia hayo machache. Alijua ja ni kuja. Alijua gi ja maana yake jambo liko njiani. Maji kwake yalikuwa maji tu, kwa kuwa kwangu tunayaita hivyo.

Siku ya tano, saa tisa mchana, jua kali, Lodu akapita na bodaboda, kipaza sauti kimefungwa kwa mpira kwenye usukani. Moyo gi ja! Moyo gi ja! Muuza maji akamtania kwamba amemnyang'anya kazi. Mwanamume mmoja akamuuliza gari limebakiza viti vingapi. Lodu akapaza sauti yake mwenyewe juu ya ile ya mashine, akinyoosha mkono kuelekea vilimani, lakini pikipiki ilinguruma na watu wakaendelea kula. Mimi nilichelewa kushtuka. Mimi niliyenyoosha mkono hotelini, nilipindua chapati mbili zaidi kabla akili haijanirudia.

Nikageuka. Benchi la Josline lilikuwa tupu.

"Babirye, wifi yangu amekwenda wapi?" nikamuuliza jirani yangu anayeuza ndizi.

"Amekimbia kwa stendi. Anasema gari yao iko nakuja, hata wametangaza."

Niliacha kikaango motoni nikateremka mbio. Gari la Moyo lilikuwapo kweli, limefika mchana huo huo baada ya siku zote hizo, limeegeshwa mchangani humo khor, ubavu mmoja ukielekea vilimani. Kondakta alikuwa anaita jina la mji kwa furaha. Josline alikuwa amekaa mbele karibu na dereva, dirishani, begi mapajani, uso unang'aa.

"Wifi, mimi nasikia vizuri!" akaniambia. "Wanasema Moyo gi ja, mimi nakimbia, napata kiti ya kwanza!"

"Toka! Ni maji! Maji inakuja!"

"Maji gani na jua hii? Nikitoka, watu watachukua kiti yangu. Watoto yangu wananingoja."

Nilifungua mlango, nikamvuta mkono. Akashika kiti. Nikampiga kofi, kofi la hasira siyo la mzaha, nikamburuta hadi chini na begi lake. Alilia akinitukana kwa lugha ya kwao. Abiria wakacheka, wakidhani ni mambo ya wifi na wifi. Na mimi, Mungu anisamehe, wakati huo nilikuwa nimekuja kumchukua wifi yangu peke yake. Gari lilikuwa na watu tisa na sikumwangalia hata mmoja.

Aliyeniangalia alikuwa Teresa. Sisi sokoni tulimwita Haboba, yaani bibi. Alikuwa mzee wa nyonga mbovu, aliyeishi ukimbizini Moyo miaka thelathini kabla ya kurudi Juba, na alikuwa akienda kumwona binti yake aliyejifungua. Kiarabu cha Juba alikijua tangu utotoni. Alijua moyo ni maji kuliko mimi na Norman tukijumlishwa. Lakini ukiwa stendi, umengoja siku tano, Moyo ni Moyo. Kondakta alikuwa anamsukuma taratibu, apande pale mbele palipoachwa wazi.

"Ahsante, mwanangu," Haboba akaniambia akiketi. "Umenipa kiti. Kule nyuma mguu wangu hauwezi kukunjika. Mungu akuzidishie."

Ndipo nikausikia mlio kutoka juu ya khor, mawe yakigongana. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Khor! Khor gi ja!"

Neno hilo moja. Abiria waliruka, madirishani na milangoni, dereva akaacha funguo, kondakta akamwangusha mtu. Hakuna aliyeuliza maana. Walipanda ukingo kwa mikono na magoti na wote wakafika juu, kasoro yule mwenye nyonga mbovu. Nilikuwa nimeshika mkono wa Josline, na nilipouachia ili nirudi, maji ya rangi ya udongo yalikuwa yameshafika kwenye magurudumu. Gari likageuka polepole. Haboba alikuwa bado amelishikilia begi lake la zawadi za mtoto. Tulimpata jioni, mbali kule chini, na gari limelala kwa ubavu.

Baada ya siku tatu Norman akaja kibandani na wenzake wawili, wameshika mafaili. Alinipa pole, akakaa kwenye benchi la Josline. Akasema shirika linataka kujua kama tahadhari ilifika kwa jamii, na kwamba kwa hesabu yao ilitangulia maji kwa dakika kumi na nane, jambo la kutia moyo sana. Alisema hivyo hivyo, kutia moyo. Nikamtazama nione kama amejisikia. Hakujisikia.

Fomu ilikuwa na maswali matatu na visanduku vya kuweka alama. Je, ulisikia ujumbe? Je, uliuelewa? Je, ulichukua hatua mara moja? Akamuuliza Josline kwanza.

"Ndiyo, nilisikia," Josline akajibu, macho chini. "Nilielewa. Nilikimbia mara moja."

Norman akaweka alama tatu. Akatabasamu kidogo, akamgeuzia mwenzake karatasi aione.

"Hukumuuliza alikimbilia wapi," nikasema.

"Hilo swali halimo kwenye fomu, mama."

Nilinyoosha mkono nikachukua karatasi nyingine kwenye faili lake, na kalamu yake pia. Mikono ilikuwa na unga na mafuta, sijali. Palipoandikwa jina nikaandika Teresa. Alisikia, nikaweka alama. Alielewa, maana lugha ilikuwa yake, nikaweka alama. Alichukua hatua mara moja, alipanda gari na mguu mbovu, nikaweka alama. Nikamrudishia.

Norman aliisoma, akaikunja mara mbili, akaiweka pembeni ya chapati zangu kwa upole.

"Pole sana, mama," akasema. "Lakini fomu hizi ni za walionusurika tu."