Simbilisi wa Apolinaria

Kherunisa alipofunga duka lake la vitambaa pale Tabora ili ahamie Mwanza kwa mwanawe, kila kitu kilipata pa kwenda isipokuwa simbilisi. Alimfunga kwenye kipande cha kanga, akampelekea Apolinaria, mjane wa Ipuli aliyekuwa akimshonea nguo kwa miaka mingi, akamweleza kwamba mnyama huyu hula majani, haumi, na hapendi kelele. Apolinaria alikuwa mwanamke wa sauti kubwa. Alimpokea kwa sababu hakujua namna ya kumkatalia mtu anayeaga.

Simbilisi alikuwa mdogo kuliko sungura, hana mkia, ana mabaka meupe na mengine ya rangi ya udongo. Alipowekwa chini tu alikimbilia uvunguni mwa kitanda. Apolinaria alimwita kama anavyoita kuku, asitoke. Akamsukumia majani ya karanga kwa fagio, naye akarudi nyuma mpaka ukutani, akitetemeka.

Ndipo Apolinaria alipofanya jambo ambalo majirani walimsifia baadaye. Alijifunza kunyamaza. Mwanamke aliyezoea kumsalimia mtu wa ng'ambo ya barabara bila kutoka ndani, sasa alirudisha mlango polepole kama kwamba mna mtoto mchanga. Kila alasiri alitandika mkeka sakafuni, akajilaza ubavu, mkono uvunguni, majani kiganjani. Mkono ukifa ganzi, aliuacha hapohapo. Alasiri moja alihisi pua yenye unyevu, kisha meno madogo yakivuta jani. Hakusogea. Machozi yalimtoka yakamwingia sikioni, wala hakuyafuta. Baada ya hapo simbilisi alikula kiganjani, akapanda mkononi, na mwishowe akawa analala shingoni mwake, akinguruma kidogo kama chungu kinachotaka kuchemka. Akamwita Tulia.

Walipokwisha zoeana, Tulia alianza kupiga mluzi. Simbilisi hupiga mluzi anapomsikia ampendaye akija. Tulia alipiga jua likizama, akiwa uani, akitazama njia ya zamani ya misafara iliyopita nyuma ya nyumba, ambayo tangu reli ijengwe ilikuwa ya mbuzi tu. Jioni ya kwanza alikuja mpagazi mmoja, amevaa kaniki, sanduku la risasi begani. Alikuwa amekufa zamani. Alisema wao hupita hapo kila jioni, ila leo wamesikia wakiitwa. Apolinaria akampa maji kwa kata. Akanywa amesimama, mzigo begani, akashukuru, akaenda zake. Kesho yake walikuja wengi zaidi. Majirani walilalamika kidogo juu ya vumbi, kisha wakazoea, na wengine wakaleta michembe ya viazi vitamu.

Hawa walikuwa wapagazi wa vita vya Wajerumani na Waingereza, waliokamatwa vijijini wakafia njiani. Walijua kwamba vita vimekwisha. Treni zilikuwa zikiwapita na waliwasikia abiria wakisema. Lakini mnyapara wao alikuwa amewaamuru wasitue mizigo mpaka awaambie, na mnyapara alikufa kabla ya kuwaambia.

Ndipo akaja Hilari. Apolinaria alimtambua kwa mbali, kwa namna alivyohamisha sanduku kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Alikuwa mumewe, na alikuwa kijana vilevile kama siku aliyofungwa kamba akachukuliwa. Alifika uani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Apolinaria akaitikia, kwa sababu salamu haiachwi hewani. Kisha akasema, "Hilari, ni mimi, Apolinaria."

Hilari akainua kichwa.

"Nimechelewa," akasema.

Apolinaria akamkaribisha akae. Hilari akajibu kwamba hawezi, hajaruhusiwa kutua. Wakiwa katika maneno hayo, Tulia, ambaye mpaka siku ile alikuwa akimkimbia hata jogoo, alivuka ua mzima peke yake, akapenya katikati ya miguu ya wapagazi iliyopasukapasuka, akapanda mguuni mwa Hilari, akajikunyata, akalala. Hilari hakujua la kufanya. Akiondoka atamwamsha. Akapiga goti moja taratibu, na sanduku likateleza likagusa ardhi.

Hakuna kilichotokea. Wapagazi wengine walitazama. Hilari akakaa kitako, akamwekea mnyama kiganja mgongoni, na mnyama hakushtuka. Apolinaria alileta chakula wakala pamoja, akaliona bega la Hilari, ambalo sanduku lilikuwa limelichimba shimo la kuingia ngumi. Tulia alipoamka, Hilari alijitwisha, akaenda.

Apolinaria alikwenda bomani kuomba mumewe aachiwe. Bwana Shauri, ofisa Mwingereza wa wilaya, alimsikiliza kwa adabu, karani wake Eustace akifasiri. Hakubisha kwamba wapagazi wanapita. Aliwaona mwenyewe akitoka kucheza tenisi. Alisema kwamba walichukuliwa na serikali iliyopita, na serikali iliyopo haiwezi kumwachia mtu ambaye haikumchukua. Apolinaria akamwambia kwamba wengine walichukuliwa na Waingereza. Bwana Shauri akasema hao walikuwa wa jeshi, na jeshi lile lilikwisha vunjwa. Kisha akauliza kama simbilisi huuma.

Kumbe Tulia alikuwa ametoka dukani kwa Kherunisa na mimba. Alizaa watoto wawili, wakiwa tayari na manyoya na macho wazi. Walipoacha kunyonya, Apolinaria alimpelekea mmoja Getruda wa Ntalikwa, akapanda treni akampelekea mwingine Josepha wa Igalula, na kila alikofika alilala sakafuni kuwaonyesha inavyofanywa.

"Usimfuate," aliwaambia. "Mngoje."

Wale nao wakakutanishwa, wakazaana, na kadiri miaka ilivyopita hapakuwa na kijiji kwenye njia ile kisichokuwa na mluzi wakati wa magharibi. Hilari alimsimulia mkewe kwamba sasa wanapumzishwa mahali pengi kabla ya kufika kwake. Shimo la begani lilianza kujifunga. Amri ilikuwa ileile na mzigo uleule, lakini jioni alikaa, na Apolinaria, aliyekwisha ota mvi, aliegemea bega lile lililopona.

Vita vingine vilipokuja, boma lilituma tarishi vijijini kukusanya vijana wa kwenda kukata mkonge pwani. Jioni moja alipita nao nyuma ya nyumba ya Apolinaria kuelekea stesheni, wamefuatana mstari mmoja, kila mtu na blanketi lake begani. Wote walikuwa hai. Tulia, ambaye sasa alikuwa mzee na haoni vizuri, akapiga mluzi. Vijana wakasimama kama watu walioitwa. Dionis, mtoto wa Getruda, akauliza kama wanaruhusiwa kunywa maji. Tarishi akasema watakunywa stesheni.

Hilari alikuwa amekaa uani. Aliwatazama, akamwinua Tulia kutoka mguuni kwa mikono miwili, akampa Apolinaria. Kisha akajitwisha sanduku, akasimama pembeni awapishe, maana msafara unaotoka hupishwa. Wa mwisho alipopita, akaingia mstarini nyuma yake.